Nilimwona Akichomoa Waya

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukutana na ngeli, vitate na riwaya. Naomba radhi, kwani leo nitamkutanisha na kadi ya mtandao: kibao cha kijani kisichozidi kiganja cha mtu mzima, chenye tundu moja la kuchomekea waya, ambacho hukaa ndani ya tarakilishi na kuiwezesha kuwasiliana na tarakilishi nyingine. Kadi ninayoisimulia ilikuwa ya bei nafuu na ilikuwa na tabia moja tu mbaya. Palipokuwa na utulivu ilifanya kazi bila kinyongo. Kazi ilipozidi, ilizimia. Kwa sababu ya tabia hiyo mtu mmoja alifukuzwa kazi, na sentensi iliyomfukuzisha niliitamka mimi, kwa Kiswahili fasaha kisicho na kosa hata moja la sarufi.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2008. Miaka hiyo mwanafunzi aliyefaulu alisubiri nyumbani kwa muda uliokaribia miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu cha umma. Ni mwaka 2011 ndipo vyuo vilipoanza kusajili makundi mawili kwa pamoja ili kuipunguza foleni hiyo. Nyumbani kwetu ni Karagita, kando ya barabara inayoambaa kusini mwa Ziwa Naivasha. Mama alikuwa mpangaji maua katika shamba moja la waridi ambalo jina lake nitalisitiri, na ni yeye aliyenisemea kwa wakubwa nikapata kibarua cha ukarani mwezi Novemba 2009.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa lebo. Asiyejua safari ya waridi anaweza kuicheka kazi hiyo, kwa hiyo nieleze kidogo. Ua hukatwa alfajiri, likatiwa majini, likapelekwa chumba baridi. Kisha huletwa katika jumba la kupangia, tuliloliita pakihausi, ambako akina mama husimama kutwa wakiyatenganisha maua kwa urefu wa kikonyo: ya sentimita 40 huku, ya 50 kule, ya 60 pale. Hufungwa mashada, yakatiwa katika maboksi, na kila boksi likabandikwa lebo yenye aina ya ua, idadi ya vikonyo, jina la mnunuzi na ile mistari myeusi isomwayo na mashine. Jioni lori huondoka kuelekea Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na maua mengi kati ya hayo huishia Uholanzi, katika mnada wa Aalsmeer. Boksi lisilo na lebo halipandi lori. Ni yatima, na yatima huyo hunyauka.

Lebo hizo zilitoka katika seva moja iliyowekwa ndani ya kijichumba cha mbao kati ya pakihausi na chumba baridi. Seva hiyo ndiyo iliyohifadhi oda, hesabu za wafanyakazi na, tangu Oktoba 2009, picha za kamera za ulinzi. Kamera zilifungwa kwa sababu uongozi uliamini kwamba mikasi na plastiki za kufungia maua zilikuwa zikiibwa. Zilikuwa za aina inayorekodi pale tu inapoona kitu kikisogea. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana hatukulishika sisi.

Aliyeitunza mitambo hiyo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka hamsini ambaye sote tulimwita Fundi. Alikuwa amefanya kazi ya nyaya za simu katika Shirika la Posta na Simu kabla ya shirika hilo kugawanywa mwaka 1999, na elimu yake ya tarakilishi alijitafutia mwenyewe, usiku, kwa vitabu vya kuazima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila mwisho wa mwezi alinakili mafaili yote muhimu katika sidii, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu nyekundu, akaiweka katika droo. Mimi aliniita "kijana wangu". Si mwenyeji wa Naivasha kwa kuzaliwa, na katika siku zile mbaya za Januari 2008 alikuwa miongoni mwa waliolala nje katika uwanja wa kituo cha polisi pamoja na watoto wao. Hakulizungumzia jambo hilo. Nilisimuliwa na mama.

Matatizo yalianza wiki moja kabla ya tarehe 14 Februari 2010. Sihitaji kueleza Naivasha huwaje wiki hiyo. Vibarua huongezwa, zamu ya usiku huanzishwa, malori hupishana njiani kwenda Mai Mahiu, na mama alirudi nyumbani miguu imevimba hata viatu havivuki. Jumanne ya wiki hiyo, yapata saa nane mchana, lebo zilikoma kutoka. Kitu cha kwanza kilichosikika pakihausi kilikuwa sauti ya mtu akisema: "Mtandao umeenda."

Nimelitafakari sana tamko hilo tangu niwe mwanafunzi wa lugha. Umeenda wapi? Kitenzi hakina mahali wala hakina mtendaji wa kulaumiwa, na huenda ndiyo sababu hakimridhishi mtu yeyote aliye na lori linalosubiri. Punde watu huanza kumtafuta mtendaji wa kumtia ndani ya sentensi.

Fundi aliingia kijichumbani. Alichutama nyuma ya seva, akachomoa waya wa mtandao, akahesabu hadi kumi kwa sauti ya chini, akauchomeka tena. Lebo zikaanza kutoka. Siku iliyofuata mambo yakawa vivyo hivyo, na Alhamisi mara tatu. Asubuhi, pakihausi ikiwa bado na watu wachache, alifanya vipimo vyote alivyovijua. Aliagiza tarakilishi moja iite seva kwa amri iitwayo pingi, nayo seva ikaitika kila mara, haraka, bila kukosa hata mwito mmoja. Alibadilisha waya. Alihamishia waya tundu jingine la swichi. Kila alipopima, mtandao ulikuwa mzima. Mchana ulipofika, mtandao ulikwenda.

Hapa pana fumbo ambalo lingetuokoa sote kama tungelifumbua. Pingi hutuma kijipakiti cha baiti 64 hivi, kimoja kwa sekunde. Pakiti kubwa ya kawaida hubeba baiti 1,500, na katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde zinaweza kupita pakiti kubwa zaidi ya 8,000 kila sekunde. Zikiwa ndogo kabisa huweza kuvuka 148,000. Kumpima mbeba mizigo kwa kumpa bahasha moja kila sekunde hakukuambii chochote kuhusu mgongo wake. Fundi alikuwa akipima asubuhi kwa sababu mchana hakuruhusiwa kugusa kitu ila kukirudisha kikazi, na seva ya asubuhi haikuwa seva ya mchana.

Siku ya Valentine ilipita. Tulipumua. Halafu zikaja oda za tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ambayo Urusi na majirani zake huisherehekea kwa maua, na papo hapo zile za siku ya akina mama ya Uingereza, iliyoangukia tarehe 14 Machi mwaka huo. Mtandao ukarudia ugonjwa wake. Safari hii maboksi yaliachwa na lori mara mbili. Minong'ono nayo ikaanza: eti mtandao ukienda Fundi hubaki kazini hadi usiku, na akibaki hulipwa saa za ziada. Eti si ajabu kwamba yeye tu ndiye ajuaye kuurudisha. Eti watu wa kwao ndivyo walivyo. Minong'ono ya namna hii haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyekuwa Naivasha miaka hiyo.

Meneja aliniita ofisini siku ya Ijumaa. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa: "Jana mtandao ulipokatika, ulimwona Fundi akifanya nini?"

Nikajibu: "Nilimwona akichomoa waya."

Hakuniuliza jingine, nami sikuongeza neno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua changu kilikuwa cha kusaini kila wiki, na nilikuwa nimesema kweli. Jioni ile Fundi alikabidhi funguo. Kamera zingeweza kumtetea, lakini picha zake zilipita katika mtandao ule ule. Kila mtandao ulipokatika, nazo zilipofuka. Kulikuwa na rekodi za kila dakika ya pakihausi isipokuwa dakika zilizotakiwa.

Mama alikuwa amekwisha kusikia nilipofika nyumbani. Alikuwa anakanda ugali, na hakugeuka.

"Uliulizwa?"

"Niliulizwa, mama."

"Ukasema nini?"

Nikamwambia. Akaipua sufuria, akapakua, akaniwekea changu mbele yangu, kisha akatoka nje na kukaa kizingitini. Hadi leo hajaniambia alichokuwa akiwaza.

Miezi mingi baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wetu wa sarufi aliandika ubaoni sentensi moja: Mgeni alipofika, baba aliondoka. Akauliza ni lipi lililotangulia. Wenzangu wakabishana. Wapo waliosema baba aliondoka kwa sababu ya mgeni. Wapo waliosema alikuwa tayari njiani wakapishana mlangoni. Mhadhiri akatabasamu, akaeleza kwamba kirejeshi -po- cha wakati huyaweka matukio mawili katika chumba kimoja bila kusema lipi liliingia kwanza, wala kama moja lilimleta jingine, msikilizaji hujazia. Niliacha kuandika. Meneja alikuwa ameuliza kwa -po-, nami nikajibu kwa -ki-, kiambishi ambacho huonyesha tu kwamba tendo lilikuwa likiendelea. Kati ya vijisilabi hivyo viwili hapakuwa na uongo wowote. Palikosekana -ka-. Kama ningesema: mtandao ulikatika, zikapita dakika tano, Fundi akaja, akachomoa waya, akauchomeka, mtandao ukarudi, yeyote angesikia ni lipi lililomzaa mwenziwe. Sikusema hivyo. Naandika haya nikijua fika kwamba sarufi haikunifunga mdomo. Nilifungwa na woga, na sarufi ikanipa pa kujificha.

Turudi shambani. Katikati ya Aprili mwaka ule ule volkano ya Eyjafjallajökull, kule Aisilandi, ilitema majivu, na kuanzia tarehe 15 nchi za Ulaya zikaanza kufunga anga zao. Kwa muda wa karibu wiki nzima ndege hazikuruka. Nchini Kenya waridi zilirundikana katika vyumba baridi hadi visiweze kupokea tena, kisha zikamwagwa mashimoni na kugeuzwa mbolea. Maelfu ya wafanyakazi wa Naivasha waliambiwa wabaki nyumbani, mama akiwa mmoja wao. Karagita ikawa na ukimya wa mchana nisiopata kuusikia tena. Wauza sukumawiki walikaa nyuma ya mafungu yao na hakuna aliyenunua. Watu waliosikia jina la volkano ile kwa mara ya kwanza, tena jina lisilotamkika, walikuwa wakiidaiwa kodi ya nyumba kwa sababu yake.

Mimi nilibakizwa ofisini kupanga karatasi. Na mtandao je? Mtandao ulikuwa mzima kama kengele. Haukukatika hata mara moja. Mwishoni mwa Aprili meneja alisimama mlangoni, akatazama taa za kijani za swichi zikipepesa polepole, akasema, "Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu aondoke, umeona tatizo lolote?" Nami sikuwa nimeona.

Nasema wazi kwamba siku ile niliamini. Hata nilihisi ahueni: kumbe sentensi yangu ilikuwa ya haki. Hakuna aliyewaza kwamba pakihausi tupu haina lebo za kuchapa, wala kwamba kamera zinazorekodi kinachosogea hazina la kurekodi pasipo na wa kusogea. Seva ilikuwa imekaa kama mbeba mizigo aliyepumzishwa kivulini, nasi tukashangilia uzima wake.

Ndege zilirudi angani, na mara tukawa katika wiki ya kuelekea tarehe 9 Mei, siku ya akina mama kwa Wadachi, Wajerumani na Wamarekani. Oda zilimiminika maradufu, kama kwamba Ulaya ilitaka kulipia waridi zote ilizozikosa. Jumatatu saa tisa mchana, sauti ile ile ikasikika: "Mtandao umeenda." Safari hii hapakuwa na Fundi wa kuhesabu hadi kumi. Walizima seva nzima na kuiwasha, dakika ishirini kila mara. Jumatano wakaleta mtaalamu kutoka Nakuru.

Alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mwenye begi la mgongoni na kitambaa cha kufutia vumbi. Nilipewa jukumu la kumsaidia, yaani kumshikia tochi. Alikataa kugusa chochote kabla ya kuuliza maswali. Hukatika saa ngapi? Watu wanakuwa wangapi? Baada ya kukatika, hurudi wenyewe au hurudishwa? Kisha akasema neno ambalo ningependa liandikwe katika mlango wa kila maabara: "Ukikuta ugonjwa unaokuja mchana tu, usimpime mgonjwa asubuhi."

Kwanza alitazama kama seva na swichi zilikuwa zimekubaliana namna ya kuzungumza. Alinieleza kwamba vifaa hivi huweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, au kupokezana. Upande mmoja ukidhani wanazungumza kwa pamoja ilhali mwingine unasubiri zamu, mazungumzo madogo hupita salama na makubwa huvurugika. Dalili zake hufanana mno na zetu, ndiyo maana huanza kutazamwa. Hapa palikuwa sawa. Usiku, pakihausi ilipofungwa, aliziamuru tarakilishi tano zinakili mafaili makubwa kwenye seva kwa wakati mmoja. Tukakaa juu ya maboksi tukitazama hesabu za makosa kwenye kioo. Sufuri. Sufuri. Halafu tarakimu zikaanza kupanda, na katika dakika ya kumi na moja kadi ikanyamaza. Tulikuwa tumeuita mtandao uende, nao ukaenda. Sijapata kumwona mtu akifurahia hitilafu kama alivyofurahi yeye.

Kuanzia hapo alibadilisha kitu kimoja kimoja, na baada ya kila badiliko akarudia mzigo ule ule. Waya mpya: dakika kumi na mbili. Tundu jingine la swichi: dakika kumi. Akaihamisha kadi hadi nafasi nyingine ndani ya seva, kwa kuwa pale ilipokuwa ilishirikiana na kidhibiti cha diski njia moja ya kumwita prosesa: karibu saa nzima, kisha ikazimia. Hatimaye akaitoa kabisa na kuchomeka kadi ya aina nyingine aliyokuja nayo begini. Mzigo ulikwenda hadi alfajiri. Makosa yalikuwa sufuri.

Nilimwuliza kwa nini. Alisema kadi kama ile hutengenezwa kwa bei nafuu kwa kumsukumia prosesa kazi nyingi. Ina nafasi nne tu za kuwekea pakiti zinazosubiri kutumwa, na kila pakiti ifikayo humgutusha prosesa aache alichokuwa akifanya aje kuipokea. Zikija chache hakuna shida. Zikija kwa maelfu, prosesa huwa kama mwenye harusi ambaye kila mgeni akibisha yeye mwenyewe hukimbilia mlangoni: wageni wanaingia, lakini hakuna anayepakuliwa chakula. Nimesoma baadaye kwamba Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliichambua hali hiyo mwaka 1996, na kwamba mifumo ya siku hizi ina mbinu za kuizuia, kama vile kuwaacha wageni wakusanyike kidogo ndipo mlango ufunguliwe. Ila hii yetu, alisema dada yule, ilikuwa pia na ubovu wake binafsi. Ikizidiwa hupoteza hesabu ya pakiti zake, na haizinduki hadi waya uchomolewe na kuchomekwa upya.

Nilijua kwamba alikuwa amesema jambo kubwa, lakini ilinichukua muda kulisikia.

Kabla ya kufunga begi alifungua kumbukumbu za seva, lile daftari ambalo mashine hujiandikia kila litokealo pamoja na saa na sekunde. Alinionyesha mistari ya Jumatatu. Kisha akauliza kama tuna za nyuma. Nikakumbuka droo. Sidii zilikuwamo, tarehe zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ile ya Februari Fundi aliinakili mwenyewe, na ya Machi ilinakiliwa na aliyemfuata kwa kufuata desturi yake. Tukasoma. Kila mara mpangilio ulikuwa mmoja. Mstari wa kwanza: muda wa kutuma umekwisha, kadi haijibu. Dakika nne, au sita, au tisa baadaye: kiungo kimekatika, yaani waya umechomolewa. Sekunde kumi, kumi na moja baadaye: kiungo kimerudi. Tulihesabu matukio kumi na manane. Hapakuwa na hata moja ambapo waya ulitangulia.

"Nani alikuwa akichomoa?" aliuliza.

"Fundi wetu wa zamani."

"Alijuaje kwamba hiyo ndiyo dawa?" Akatikisa kichwa kwa heshima. "Mwiteni. Huyo alikuwa amekaribia."

Niliichapa mistari ile. Ilikuwa kurasa tatu. Jumamosi nilipanda matatu hadi mjini, nikamtafuta Fundi mtaani Kabati, ambako nilisikia amefungua kibanda cha kutengeneza redio na kuchaji simu. Nilimkuta amevaa miwani, ameinamia spika. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, akanisogezea kreti ya soda nikalie. Nikampa karatasi. Alizisoma polepole, kidole chake kikifuata saa na dakika, na alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Mliihamisha tu, au mliibadilisha?"

"Tuliibadilisha, Mzee."

"Nilitaka kuibadilisha. Niliandika ombi la kadi mpya tangu Februari."

Nikamwambia ni mimi niliyeulizwa na meneja, na nilichosema. Alikuwa akijua. Nikamwomba msamaha. Alivua miwani.

"Kwani ulisema uongo?"

"Hapana, Mzee."

"Basi unaniombea msamaha nini?"

Sikuwa na jibu. Alichukua bisibisi akaendelea na spika, nami nikadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema bila kuinua macho: "Ungeongeza tu kwamba niliurudisha."

Tuliandika barua siku ile ile, palepale kwenye meza yake, yeye akitaja mambo nami nikiyapanga. Niliiandika kwa utaratibu wa matukio, kila sentensi ikibeba saa yake, nikaambatisha zile kurasa tatu na kutia sahihi chini yake kama shahidi. Ilikuwa barua rasmi ya kwanza niliyoandika nje ya mtihani. Niliifikisha kwa meneja mwenyewe Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama, akauliza ni nani aliyeniruhusu kufungua kumbukumbu za kampuni, na wiki ile sikupewa karatasi ya kusaini. Mwezi Julai Fundi alilipwa mshahara wa notisi na saa za ziada alizokuwa akidai. Hakuitwa kurudi kazini, na sidhani kwamba angerudi.

Kuhusu kadi: dada wa Nakuru aliitupa katika boksi la vyuma chakavu, akaniambia niichukue nikitaka. Nilimpelekea Fundi, kwa mzaha uliokuwa nusu mzaha. Niliporudi kwa likizo mwezi Agosti 2011 nilipita Kabati kumsalimu, nikakuta kibanda kimepanuliwa na kina tarakilishi mbili kuukuu. Kadi ile ilikuwa ndani ya mojawapo. Nikamwuliza kama imewahi kumzimia. Akasema bado. Mashine zake ni mbili tu, na wateja wake wengi huja kuandikiwa barua za kuomba kazi katika mashamba ya maua.